Gokati ya kwanza Mara: Nunua ukifikiria kipuri cha pili

FUNDI wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kuunda gokati ya kwanza, yaani kile kigari cha mtu mmoja chenye magurudumu manne na injini ndogo karibu na kiti, hatakwama kwa kukosa vipuri. Mkoa wa Mara una pikipiki, bajaji, pampu za kumwagilia bustani za kandokando ya Ziwa Victoria na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Karibu kila kinachotakiwa kwenye gokati kimo ndani ya mashine hizo. Atakapokwama ni kwenye kuchagua anunue kipi, kwa nani na katika soko lipi.

Kwa mwenye mtaji mdogo uchaguzi huo ndio biashara yenyewe. Gokati ya kukodisha kwenye uwanja uliozungushiwa uzio, siku za sikukuu na mwisho wa wiki, inalipa pale tu inapozunguka. Ikisimama ni chuma. Kwa hiyo swali la mnunuzi lisiwe kipi ni rahisi leo. Swali ni hili: kipuri hiki kikikatika Jumamosi mchana, cha pili kitatoka wapi, na Jumapili kazi itaendelea?

Somo la mwaka 1956

Gokati yenyewe ilizaliwa kutokana na uamuzi wa aina hiyo. Mwaka 1956 Art Ingels, fundi wa kampuni ya magari ya mashindano ya Kurtis Kraft huko California, Marekani, akisaidiwa na mwenzake Lou Borelli, aliunda kigari cha bomba za chuma na kukifunga injini ndogo ya West Bend. Injini hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya magari. Ilikuwa ya mashine za kukatia nyasi, nayo iliuzwa kama bidhaa iliyobaki ghalani.

Wafanyabiashara walioiona biashara mapema walianzisha kampuni ya Go Kart Manufacturing na kuanza kuuza vifaa vya kuunganisha, wakitumia injini za aina ileile. Mwaka 1959 kampuni ya McCulloch, iliyojulikana kwa misumeno ya injini, ikatoa injini iliyokusudiwa gokati.

Wengi husoma habari hiyo kama hadithi ya ubunifu wa kutumia vitu vya bei ya chini. Mfanyabiashara asome zaidi ya hapo. Injini zile zilikuwa nyingi na zilifanana. Aliyeunda gokati moja aliweza kuunda ya pili na ya kumi bila kuchora upya, na aliyeharibikiwa na kipuri alijua pa kukipata. Urahisi wa bei ulifungua mlango. Kufanana na kupatikana kwa vipuri ndiko kulikokuza soko.

Bidhaa inayofanana na iliyojaa Mara leo ni pikipiki. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni nchini Tanzania, biashara ya bodaboda imevuta nyuma yake maduka ya spea, mafundi na madalali hadi kwenye vituo vidogo vya barabarani. Hilo ndilo ghala la gokati ya Mara.

Injini: ya pikipiki au ya pampu?

Injini za aina mbili zinashindana. Ya kwanza ni ya pikipiki ya ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150. Ya pili ni injini ndogo ya petroli inayoendesha pampu za maji na mashine nyingine za kazi.

Injini ya pampu inavutia kwa sababu ni nyepesi, haina mambo mengi na inauzwa ikiwa mpya. Lakini ina mtego ambao muuzaji asiyejua gokati hawezi kuueleza. Shafti ya injini nyingi za pampu imekatwa nyuzi ili ishike panga la kusukumia maji. Gokati inahitaji shafti laini yenye mfereji wa kipande cha chuma kinachoizuia klachi isizunguke peke yake. Injini mbili zenye rangi moja na jina moja zinaweza kutofautiana hapo tu, na anayekosea atalazimika kulipa fundi kereza au kutafuta shafti nyingine. Mnunuzi aombe shafti ionekane kabla ya kutoa fedha. Vilevile, injini hizo zinahitaji klachi inayoshika yenyewe kasi inapopanda, na hicho ni kifaa ambacho duka la spea za bodaboda halina sababu ya kukiweka.

Injini ya pikipiki inakuja na klachi na gia ndani yake. Kabureta, plagi, pistoni, waya wa klachi na waya wa mafuta vyote ni bidhaa za kila siku katika maduka ya bodaboda. Kwa kipimo cha kipuri cha pili, injini ya pikipiki inashinda.

Nayo ina masharti yake. Kwanza, inunuliwe pamoja na mfumo wake wa umeme: waya, koili, kisanduku cha kuwashia na swichi. Injini tupu huonekana rahisi, kisha vitu hivyo vikinunuliwa kimoja kimoja faida yote inapotea. Pili, kabureta nyingi za pikipiki hupata mafuta kwa kushuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Gokati ikiwekewa tangi chini, kati ya miguu ya dereva, itahitaji pampu ya mafuta. Tangi likiwekwa juu zaidi, lisikae mahali ambapo tone litaangukia ekzosi. Tatu, injini inayopozwa kwa upepo isizibwe na kiti wala mbao, kwa kuwa gokati haipati upepo kama pikipiki iliyo barabarani.

Aina ya injini nayo ichaguliwe kwa kuhesabu. Anayeishi Bunda apite kwenye vijiwe vya bodaboda mjini aone ni pikipiki zipi zimejaa, kisha anunue injini ya aina hiyo hata kama ya aina nyingine imeshushwa bei. Pikipiki ngeni yenye injini nzuri ni bei nafuu ya mara moja.

Pikipiki iliyokufa na kadi yake

Njia inayotumiwa na mafundi wengi ni kununua pikipiki nzima iliyopata ajali au iliyochoka, kisha kuichinja. Mnunuzi hupata injini, umeme, cheni, tangi na breki kwa bei moja, na kinachobaki anakiuza. Hesabu yake ni nzuri, ila kuna jambo moja lisilo na mjadala: karatasi.

Injini isiyo na kadi ya usajili, au ambayo namba yake imesuguliwa kwa tupa, inaweza kuwa ya wizi, na kukutwa na mali ya wizi ni kesi ya jinai. Namba ya injini na ya fremu zilingane na zilizo kwenye kadi. Muuzaji aandike hati ya mauzo mbele ya mashahidi, ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Punguzo linalopatikana kwa kukosa karatasi si punguzo. Ni deni ambalo tarehe yake ya kulipwa haijulikani.

Cheni, sproketi na ekseli

Cheni iliyozoeleka kwenye pikipiki za ujazo mdogo ni namba 428. Umbali kati ya pini moja na nyingine ni milimita 12.7. Cheni namba 420 ina umbali uleule lakini ni nyembamba zaidi, kwa hiyo haiingii kwenye meno ya sproketi ya 428. Cheni za gokati za mashindano ni ndogo zaidi na hazihusiani na pikipiki kabisa. Anayeagiza sproketi ya nyuma kutoka nje bila kuangalia namba hiyo atakuwa amenunua pambo la ukutani. Kanuni ya dukani inatosha: cheni na sproketi zote mbili zinunuliwe kwa pamoja, zikiwa mpya na za namba moja, na seti ya akiba iwekwe sandukuni siku hiyohiyo.

Ekseli ya nyuma ndipo kazi ya nyumbani inapohitajika. Gokati ya kawaida haina difu. Magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa kwenye chuma kimoja kilichonyooka. Chuma cha milimita 30 kinachokaa kwenye beringi za nyumba, zile zinazofungwa kwa boliti mbili na kuandikwa UCP206, ni chaguo la busara. Beringi za jamii hiyo hutumika kwenye mashine za kusaga nafaka na mitambo mingi ya kuzunguka, kwa hiyo si bidhaa ya anasa. Wilaya ya Butiama ina uchimbaji mdogo wa dhahabu huko Buhemba, na kwenye karasha watu wanajua thamani ya beringi. Mnunuzi wa Butiama aulize kwanza kwa wanaohudumia mashine hizo kabla ya kupanda basi.

Tahadhari iko kwenye chuma chenyewe. Nondo au chuma cheusi cha duka la vifaa vya ujenzi hakina kipimo kamili wala mzunguko sawa. Kikilazimishwa kuingia kwenye beringi kitalegea na kuila. Njia sahihi ni kununua chuma kinene kidogo kuliko kinachotakiwa na kumpa fundi kereza akipunguze hadi kipimo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA ni mahali pa kuulizia mashine na mafundi wa kazi hiyo. Malipo ya kereza ni sehemu ya bei ya ekseli, nayo yaingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Fremu pia ni ya hapa hapa. Bomba jeusi la inchi moja linachomeleka vizuri. Bomba lililopakwa zinki lisichomelewe bila kusafishwa, maana moshi wake unadhuru mapafu ya fundi. Bomba jembamba la viti vya chuma halifai. Hupinda mara ya kwanza dereva anapogonga tairi za pembeni.

Tairi: namba moja, kazi mbili

Tairi ndogo za gokati za kiwandani, zenye rimu ya inchi 5, ni bidhaa ya kuagiza. Ikipasuka moja, gokati inasubiri shehena. Mbadala uliopo ni tairi ya 4.00-8. Namba hiyo inapatikana kwenye toroli za ujenzi, na inapatikana pia kwenye bajaji.

Hapo ndipo wanunuzi wanapoweza kuumia. Tairi ya toroli imetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Ya bajaji imetengenezwa kubeba abiria barabarani. Zinalingana kwa namba na kwa macho, bei ya toroli ni ya chini, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Rimu ya toroli nayo mara nyingi ina bushi au beringi hafifu isiyovumilia kukata kona kwa kasi. Kwa gokati inunuliwe tairi ya bajaji, rimu ya bajaji na, kwa magurudumu yasiyosukumwa na injini, habu ya bajaji.

Faida nyingine ni ya kasi. Tairi ya 4.00-8 ina kimo cha takribani theluthi mbili ya tairi ya pikipiki ya rimu 17. Kwa sproketi zilezile, gokati itakwenda kwa theluthi mbili ya mwendo wa pikipiki ile. Kwa biashara ya kukodisha huo ni mwendo wa kutosha, na fundi hana haja ya kutafuta sproketi za ajabu.

Breki na usukani: vipya tu

Kuna vipuri ambavyo bei yake isijadiliwe. Padi za breki, mipira ya kupitisha mafuta ya breki, bakuli zake, viungo vya usukani na boliti zinazoshika magurudumu vinunuliwe vipya, kwa risiti ya mashine, kwenye duka ambalo mnunuzi anaweza kulirudia. Kipuri cha mtumba cha injini kikifa, gokati inasimama. Kipuri cha mtumba cha breki kikifa, gokati haisimami.

Fedha zinazookolewa kwenye fremu na injini ndizo zilipe vitu hivi. Fundi anayefanya kinyume, akanunua injini mpya inayong'aa na kufunga breki za kuokota, amegawa mtaji wake vibaya.

Musoma, Mwanza, Dar es Salaam au Sirari?

Mfanyabiashara wa Mara ana bahati ya kukaa kwenye barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Bunda hadi mpaka wa Sirari. Kila upande una soko. Mwanza ni kubwa kuliko Musoma kwa spea. Dar es Salaam, hasa Kariakoo na Gerezani, ndiko mzigo mwingi unakotoka, na basi linaweza kuleta kifurushi. Ng'ambo ya Sirari kuna Kenya, na Nairobi ina mitaa ya vipuri kama Kirinyaga Road.

Bei ya mbali huwa chini, na hapo kalamu itumike. Nauli, simu, mzigo, na siku ya fundi asiyefanya kazi viongezwe. Kwa upande wa Kenya liongezwe jambo la forodha. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, na wengi huamini kuwa kila kinachonunuliwa Kenya hakina ushuru. Si hivyo. Nafuu ya Jumuiya ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Sproketi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kuuzwa Nairobi. Ipitishwe kwa maofisa, ilipiwe, na gharama hiyo iwe kwenye hesabu. Anayepitisha kwa njia ya panya huweka rehani mtaji wote kwa ajili ya kipuri kimoja. Zaidi ya hayo, kipuri kikionekana kibovu, kukirudisha ni safari nyingine ya mpakani.

Kanuni inayofaa ni hii: kinachochakaa kinunuliwe karibu, kinachodumu kinaweza kununuliwa mbali. Beringi, cheni, waya, padi na tairi ni vya Musoma au Bunda. Rimu, injini au kalipa ya breki vinaweza kufuatwa Mwanza ikiwa tofauti ya bei inalipa safari.

Hesabu ya siku za kusimama

Chukua mfano wa kubuni. Gokati inaingiza shilingi 30,000 kwa siku ya kazi. Mwenyewe amenunua klachi ngeni kutoka mbali na kuokoa shilingi 60,000. Klachi inakufa, na ya pili inachukua siku 12 za kazi kufika. Mapato yaliyopotea ni shilingi 360,000. Alichookoa kililiwa na siku mbili za kwanza. Siku 10 zilizobaki ni hasara tupu ya shilingi 300,000, kabla ya kulipia klachi yenyewe.

Kila mtu aweke tarakimu zake, lakini mpangilio haubadiliki. Bei halisi ya kipuri ni fedha iliyolipwa dukani, pamoja na mapato ya siku ambazo kipuri cha pili kitachukua kufika. Safu hizo mbili ziandikwe kwenye daftari kabla ya kununua hata boliti moja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria na usalama wa mteja

Gokati ya kujiundia si chombo cha barabarani. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, chombo cha moto kinachotumika barabarani hudai usajili, na kigari kisicho na taa, bampa wala kimo cha kuonekana na dereva wa basi hakina kazi kwenye barabara ya Mwanza. Kifanye kazi ndani ya uzio, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye uwanja.

Vifaa vya kumlinda mteja navyo ni vipuri, na viwe kwenye orodha ya kwanza ya ununuzi: helmeti, swichi ya kuzima injini inayofikiwa na msimamizi, na kinga ya bati juu ya cheni na ekseli. Ekseli inayozunguka wazi nyuma ya kiti inaweza kunasa mtandio, khanga au nywele ndefu kwa nukta moja. Bati la kuizuia ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gokati, na ndilo rahisi kusahauliwa.

Mpangilio wa ununuzi

Kwa anayeanza, manunuzi yafuate utaratibu. Kwanza ahesabu pikipiki zilizopo mtaani kwake na kuchagua aina ya injini. Pili, anunue pikipiki iliyokufa yenye kadi, na injini iwashwe mbele yake kabla ya kulipa. Tatu, apate tairi, rimu na beringi, kwa sababu vipimo vya fremu na ekseli hutegemea hivyo. Nne, bomba na kazi ya kereza. Tano, breki, usukani na kinga, vyote vipya. Fremu isichomelewe kabla vitu hivyo havijalazwa chini na kupimwa.

Mwisho, achukue orodha yake yote na kuipeleka kwenye maduka mawili ya mjini kwake, akiuliza kila kipuri kana kwamba kimekatika leo. Kila ambacho maduka yote mawili hayana, ama akibadilishe au anunue viwili kwa mkupuo. Akimaliza zoezi hilo na bado hesabu inalipa, anunue.